Kamba ya Mafundo Kumi na Manne

Jumapili, 2 Februari

Dada, shikamoo.

Simu zangu hupokei, na nikipiga kwa namba ya mtu mwingine ukisikia sauti yangu unakata. Basi nimerudi kwenye kalamu kama mtoto wa shule. Dereva ameambiwa akupe barua hii mkononi, asiisukume chini ya mlango.

Habari yenyewe ni kubwa. Chama cha Madaktari wa Watoto kimeamua kumpa shemeji yako Tuzo ya Utumishi wa Maisha. Sherehe ni Jumamosi ya tarehe 15 Machi, ukumbi mkubwa wa chuo, wageni mia tatu na waziri juu yake. Tuzo anapewa hasa kwa ajili ya ile Kamba, njia yake ya kumpima mtoto urefu ili kujua kipimo cha dawa pale ambapo mizani hakuna. Wameniambia watoto waliopona kwa njia hiyo hawana idadi.

Waandaaji wanaitaka ile kamba ya kwanza, yenye mafundo, waiweke kwenye kabati la kioo pale mlangoni. Najua unayo, kwa sababu wewe hutupi hata kifuniko cha kalamu. Wanaomba pia useme maneno machache, kama msaidizi wake wa zamani wa wodini. Dakika mbili, Dada, si ishirini. Nitakuandikia mimi, wewe usome tu. Nguo nitakushonea. Na tafadhali sana usije na vile viatu vyako vyeupe vya mpira, maana picha zitapigwa.

Umewekwa safu ya tatu. Walitaka kukupeleka ya tisa, nimekupigania.

Mdogo wako


Ijumaa, 7 Februari

Mdogo wangu, marahaba.

Dereva wenu nimempa chai na chakula, asije akarudi kwenu kusema huku hakuna watu. Majibu yangu haya hapa.

Utumishi wa maisha! Maisha ya nani? Ukitoa miaka ya ofisini, ya mikutano na ya kupanda ndege, huyo bwana alifanya kazi wodi ya watoto miaka miwili, na yote miwili mimi ndiye niliyekuwa sista wa wodi. Unajua tulikuwa tunamwitaje? Hakuna aliyewahi kukwambia kwa sababu ulishaolewa naye. Tulimwita Daktari Mlangoni. Kila asubuhi raundi yake ilikuwa hivi: anasimama mlangoni, mkono kwenye kitasa, leso puani, anauliza, "Sista, wameamkaje?" Nikimwambia wameamkaje anaandika, anaondoka. Watoto walikuwa wanatapika, na yeye alikuwa na suruali nyeupe.

Sasa nikwambie kuhusu "kamba yake". Mizani yetu ilivunjika springi. Fundi akasema wiki tatu, ikawa miaka mitatu. Mtoto anakuja na degedege, macho yamegeuka, unatakiwa umchome dawa ya kuituliza kwa kadiri ya uzito wake, na uzito hujui. Unakisia. Mmoja nilimkisia vibaya, mimi kwa mkono wangu huu, na dawa ikamzidi. Ilituliza degedege na pumzi yake pamoja. Mama yake aliniambia asante sista, maana hakujua. Baada ya hapo nilikaa na madaftari ya zamani ya wodi, ya wakati mizani inafanya kazi, nikalinganisha urefu na uzito wa kila mtoto aliyewahi kuandikwa. Nikafunga mafundo kumi na manne kwenye kamba ya pazia, kila fundo na uzi wa rangi yake, na kila rangi nikaiandikia dozi kwenye kadi. Na wewe ulikuwepo, ule mwaka wako mmoja wa mafunzo ya uuguzi, kabla hujaiona suruali nyeupe ukatupa kofia.

Siku moja Mlangoni akauliza pale pale mlangoni, "Sista, hiyo kamba ni ya nini?" Nikamwambia. Baada ya miezi minane ikatoka kwenye jarida lao, jina lake juu, na chini kabisa, kwa herufi za kutafutia miwani: "shukrani kwa wauguzi wa wodi." Kana kwamba tulimpikia chai.

Sitakuja. Kamba sitoi. Viatu vyangu vya mpira vimewakimbilia watoto wengi kuliko aliowahi kuwagusa yeye, na havina haja ya kupigwa picha. Mwambie Bingwa wako debe tupu haliachi kuvuma, na safari hii wamelipatia na kipaza sauti.

Dada yako


Jumatano, 12 Februari

Dada, shikamoo.

Barua yako nimeisoma mara moja tu, imenitosha.

Huo ni wivu, na ninaweza kukwambia kwa sababu mimi ni ndugu yako, wengine wanakuogopa. Kama asingeandika yeye, kamba yako ingekuwa mpaka leo inaning'inia kwenye msumari kule wodini, na siku ukistaafu mfagizi angefungia ufagio. Nani angekusikiliza wewe? Yeye alisikilizwa. Na huo ukali wako ndio umekufikisha hapo ulipo, chumba kimoja na redio.

Naambatanisha tepe ili uone kamba imefika wapi. Siku ya sherehe zitagawiwa tepe elfu ishirini, moja kwa kila kituo cha afya, hata vile ambavyo havina daktari. Ni za plastiki, zinasafishika kwa maji, rangi zote kumi na nne zipo na jina la Profesa lipo upande wa nyuma. Upande wa mbele kuna picha ya mtoto anavyopimwa. Mchoraji alielekezwa na Profesa mwenyewe. Picha mimi sina la kusema, si kazi yangu. Itazame wewe, uone kazi ya watu waliosoma.

Mdogo wako


Jumamosi, 15 Februari

Mdogo wangu,

Dereva nimemwambia asiondoke, angoje niandike hii. Hizo tepe zisitoke. Unanisikia? Hata moja isitoke.

Chukua hiyo picha uiangalie. Mtoto amelala chali, tepe imeanzia utosini, sawa. Imeishia wapi? Kwenye ncha za vidole vya miguu! Tena vidole vimenyooshwa. Urefu wa mtoto unaishia kisiginoni. Sisi tulikuwa tunachomoa droo ya kabati la dawa, tunaisimamisha kwenye miguu ya mtoto, mmoja anabana magoti, unyayo unakaa bapa kwenye droo, ndipo unasoma kamba inapogusa mbao. Ukipima mpaka kwenye vidole, mtoto wa miezi sita anaongezeka fundo zima na ushee, na dawa inaongezeka naye. Mtoto mnene huenda akalala tu akaamka kesho. Aliyekonda, ambaye hata kamba ya sawa inataka umwangalie kwa makini, hataamka. Nimeshamwona mmoja, sitaki kuona elfu ishirini.

Mpaka leo haijaharibika kwa sababu wanaofundishana ni wauguzi, mmoja anamwonyesha mwenzake kwa mikono. Makala yake ilisema "urefu" tu. Sasa ameweka picha, na binti aliyemaliza mafunzo juzi, yuko peke yake kituoni, atafuata picha, maana ndivyo tulivyomfundisha.

Na mimi najua kosa limetoka wapi. Ukisimama pale mlangoni unaona kichwa cha mtoto, unaona kamba, halafu unaona mgongo wangu. Miguu huioni, niliiziba mimi. Huyo mpumbavu miaka thelathini na minne anahubiria dunia kitu alichokiona nusu! Mwambie kama hajui kisigino kinakaa wapi avue soksi atazame. Jitu zima, profesa, tuzo ya maisha, na hajawahi kumpima mtoto hata mmoja.

Kamati nayo nimeiandikia. Nijibu upesi.

Dada yako


Alhamisi, 20 Februari

Dada, shikamoo.

Nilimsomea barua yako mezani. Nilijaribu kuyaruka matusi, lakini ukiyaruka yote hakibaki kitu cha kusoma. Alicheka mpaka akaweka kijiko chini. Akasema, "Dada yako amemaliza matusi ya kichwani, sasa ameshuka miguuni."

Ile ya kamati imeletwa kwake vile vile ilivyo. Katibu ameandika pembeni kwa penseli: "Shemeji yake. Mambo ya kifamilia." Basi, imeishia hapo. Maboksi yameshafungwa na orodha ya vituo imebandikwa juu.

Wewe mwenyewe umejiharibia. Mtu unamtukana miaka thelathini, siku ukimwambia nyumba yake inaungua atajua ni tusi jipya. Kila barua yako kwake ni pilipili, nani atakula mpaka afike kwenye mchuzi? Mimi nimefanya niliyoweza. Usiniulize zaidi.

Mdogo wako


Jumapili, 23 Februari

Mheshimiwa Profesa, shemeji yangu,

Shikamoo hustahili kupewa na mimi, maana nakuzidi miaka minne, lakini leo ningekupa hata hiyo kama ingesaidia.

Mdogo wangu ameniambia nimekutukana mno mpaka onyo langu limeonekana tusi. Ni kweli. Ulimi wangu nimeulea vibaya na sasa umenigharimu. Nakuomba radhi kwa barua zangu zote, pamoja na zile ambazo hukuzisoma.

Nitafanya yafuatayo. Nitasaini karatasi kwamba kamba ilikuwa wazo lako tangu fundo la kwanza, na mimi nilifunga tu kama ulivyoniagiza. Nitaileta kamba yenyewe, ikae kwenye kioo chenu. Nitakuja kwenye sherehe, nitavaa nguo atakayoshona mke wako, na nitasoma maneno atakayoandika bila kuongeza wala kupunguza. Ukitaka nikae safu ya tisa nitakaa ya tisa.

Kwa hayo yote naomba kitu kimoja. Picha kwenye tepe ichorwe upya, tepe iishie kisiginoni, unyayo bapa kwenye ubao, na zile za mwanzo zote zichomwe moto mbele ya mdogo wangu. Sikuombi useme umekosea. Sema amekosea mchoraji, wao wamezoea.

Shemeji, nakusihi. Nilishamkabidhi mama mmoja mtoto wake amefunikwa shuka. Kama umewahi kunihesabu kuwa mtu, nihesabu leo.

Shemeji yako


Jumatano, 26 Februari

Mpendwa Shemeji,

Nimepokea barua yako kwa moyo mkunjufu. Siku zote nimeamini, na nimesema katika mikutano mingi, kwamba wauguzi ni mikono ya daktari, na mkono hauwezi kukikasirikia kichwa milele.

Kuhusu tepe, mwanasayansi wa kweli haogopi marekebisho madogo ya kisanii. Nimepitia upya mchoro na nimebaini kwamba mchoraji hakuzingatia maelekezo yangu. Nakumbuka vizuri sana jinsi nilivyokuwa nikiwapima watoto wale, mmoja baada ya mwingine, na ingekuwa vibaya kazi hiyo ikaharibiwa na kalamu ya mtu mwingine. Tafadhali tanguliza karatasi iliyosainiwa. Ikifika, mchoro mpya utafuata, na tepe za mwanzo zitaondolewa.

Mke wangu atakutumia hotuba. Nimeomba aongeze aya moja kuhusu uvumilivu wangu kwa watumishi wa chini.

Wako katika kuwahudumia watoto,

Profesa

Nyongeza: Ili nimwelekeze mchoraji kwa usahihi, na kwa kuwa kumbukumbu zangu za enzi zile zimesongwa na mambo mengi, hebu nikumbushe jambo moja. Ile droo ilikuwa inakaa upande wa kichwa au wa miguu?


Jumatatu, 17 Machi

Dada yangu, shikamoo.

Ulisoma dakika moja na nusu, neno kwa neno, hukukohoa hata mahali pa kukohoa. Ulipofika pale nilipoandika "bila Profesa nisingejua nilichokuwa nafanya", ukumbi mzima ulipiga makofi na waziri akafuta macho. Kilemba cha ukoka nimekishona mimi, ukamvika wewe, na kilimkaa sawasawa. Nguo yangu umeivaa. Na chini yake ukavaa vile viatu vya mpira! Najua, kwenye masharti hayakuwepo mambo ya viatu. Mpiga picha aliniuliza huyo mama ni nani, nikamwambia ni dada yangu.

Tangu juzi sijalala vizuri, na kuna jambo lazima nikwambie.

Ile picha ilikuja nyumbani Januari, kabla wewe hujaiona. Niliiona mimi kwanza. Niliona vidole. Dada, mimi ndiye niliyekuwa nashika ile droo, mwaka mzima, ulikuwa unanigombeza nikiilegeza. Ningeachaje kuona? Nikamwambia mezani, "Hapa si ilikuwa inaishia kisiginoni?" Akasema, "Umekuwa daktari lini?" Wageni walikuwepo, wakacheka, na mimi nikacheka nao. Halafu nikanyamaza, kama nilivyozoea. Ile tepe nilikutumia makusudi. Ya "watu waliosoma" niliandika ili upandwe na hasira uitazame vizuri, nilijua utaona. Lakini ulipoona na yeye akakucheka, sikuweza kufungua mdomo kusema na mimi niliona. Nikakuandikia wewe kwamba umejiharibia. Nimekudharau kwa sauti yake, na hilo linaniuma kuliko yote.

Tepe za mwanzo nimezichoma mwenyewe nyuma ya nyumba, boksi kwa boksi, siku mbili, mpaka sauti imenikauka kwa moshi. Hakuna iliyobaki. Mpya zimeshagawiwa, nimeangalia kila boksi kabla halijafungwa, miguu imekaa sawa.

Tuzo yenyewe ni kipande cha kioo chenye umbo la mtoto. Ameiweka sebuleni na kila mgeni anaambiwa asiiguse.

Humu ndani kuna karatasi yako uliyosaini. Nimeichukua kwenye meza yake, hajui. Ichane. Wewe unayo barua yake ya lile swali la droo, mimi nitasimama popote niseme nilivyoona kwa macho yangu. Twende kwa kamati, twende kwa magazeti. Namjua jinsi atakavyotapatapa, na kwa mara ya kwanza nataka kumwona.

Mdogo wako


Ijumaa, 21 Machi

Mdogo wangu, marahaba.

Siku ya kwanza nilikukasirikia sana, sikufichi, hata redio niliizima. Siku ya pili nikakumbuka ulivyokuwa unatetemeka mikono na droo isisogee hata kidogo. Ulikuwa muuguzi mzuri. Nilipaswa kukwambia wakati ule, nikawa nakugombeza tu.

Karatasi hii hapa, nakurudishia. Iweke pale pale ulipoichukua, kabla hajaitafuta. Usibishe. Huyo bwana nimemsoma miaka mingi kuliko wewe. Tukimwumbua leo, kesho atasema tepe zote zina mashaka, ataunda kamati ya kuchunguza, ataziita zirudi elfu ishirini ili jina lake lioshwe kwanza, na vituo vitarudi kwenye kukisia. Mwoga akishikwa pabaya hajali anamkanyaga nani. Mwache na kioo chake. Barua yake ya droo nimeibandika ndani ya mlango wa kabati la nguo. Kila nikifungua nasoma "upande wa kichwa au wa miguu", nacheka mpaka nakaa kitandani.

Sikiliza jana nilichoona. Nimekwenda kituo cha afya cha hapa mtaani kuchukua dawa yangu ya presha. Binti mmoja tu yuko zamu, mdogo, miwani inamdondoka, na mama ameingia mbio na mtoto ana degedege. Tepe ilikuwa imetundikwa ukutani, mpya, bado ina vumbi la boksi. Akaichukua, akamlaza mtoto mezani. Droo hana, akasimamisha kitabu kikubwa cha mahudhurio kwenye miguu. Akatazama picha, akatazama mtoto, akausukuma unyayo ukakaa bapa, na tepe ikagusa kitabu kisiginoni. Kijani. Nami nilikuwa nimeshaona ni kijani kutoka pale nilipo.

Nikashindwa kujizuia, nikamwuliza, "Mwanangu, tepe hii ya nani?" Jina liko nyuma pale, kubwa, la dhahabu, lilikuwa limelaliwa na mgongo wa mtoto.

Akasema bila kuinua macho, "Sijui, mama. Hebu nishikie magoti."

Nikamshikia.

Dada yako